Amri Iliyokataza Huruma: Uhakiki wa "Amri Kumi" za Gazeti la Kangura na Wajibu wa Kanisa Kukumbuka

Utangulizi

Mwezi Desemba 1990 gazeti moja la Rwanda lililoitwa Kangura, katika toleo lake la sita, lilichapa makala yenye mwito kwa dhamiri za Wahutu. Ndani ya makala hayo ziliwekwa amri kumi. Mhariri wa gazeti hilo alikuwa Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi, mji wa mpakani unaopakana na Goma. Miezi miwili kabla, tarehe 1 Oktoba 1990, jeshi la RPF lilikuwa limeingia nchini kutoka Uganda, na hofu ya vita ilikuwa imetanda. Tarehe 7 Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yakaendelea kwa muda wa siku zipatazo mia moja. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa waliouawa walikuwa 800,000. Serikali ya Rwanda inataja zaidi ya 1,000,000. Wahutu waliokataa kushiriki, au waliopinga siasa hiyo, nao waliuawa.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki amri hizo kumi. Msomaji aweza kuuliza, kwa nini jarida la chuo cha teolojia litumie kurasa zake kwa maandishi ya namna hiyo? Je, si afadhali yaachwe yaoze? Jibu letu ni kwamba maandishi hayo yalivaa vazi letu. Hayakuandikwa kwa umbo la hotuba ya siasa, wala kwa umbo la sheria ya Bunge. Yaliandikwa kwa umbo la Amri Kumi, yaani umbo ambalo mtoto wa Kikristo hulijua tangu shule ya Jumapili na hulikariri kabla ya kupata kipaimara. Katika nchi ambayo watu wengi mno walikuwa wamebatizwa, mwandishi wa chuki hakuhitaji kubuni chombo kipya. Alikikuta tayari, kimetengenezwa na makatekista.

Kwa hiyo hoja yetu kuu ni hii: haitoshi kuuambia umma wetu "tukumbuke". Chuki nayo hukumbuka, nayo hufundisha kwa bidii. Lililo letu ni kupambanua kumbukumbu inayozaa huruma na kumbukumbu inayoikataza.

1. Amri zisizo na msemaji

Tuanze na umbo. Amri za Mlima Sinai hazianzi na katazo. Katika Kutoka 20:2 Mungu kwanza hujitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa watumwa katika nchi ya Misri. Ndipo zinafuata amri. Neema inatangulia, sheria inafuata. Anayeamuru anajulikana kwa jina na kwa tendo la ukombozi, na anayeamriwa ni mtu aliyekwisha kuhurumiwa.

Amri za Kangura hazina utangulizi wa namna hiyo. Hakuna asemaye "mimi". Hakuna aliyekombolewa. Kuna kundi linaloambiwa lijue, lizingatie, lishike. Ukizisoma kwa utaratibu utaona kwamba tatu za kwanza zinahusu wanawake na ndoa: Mhutu anaambiwa kuwa mwanamke wa Kitutsi, popote alipo, anaitumikia mbari yake, na kwamba mwanamume anayemwoa, anayefanya urafiki naye au anayemwajiri ni msaliti. Ya nne inahusu biashara. Kila Mtutsi anahesabiwa kuwa mdanganyifu. Ya tano, ya sita na ya saba zinagawa vyeo vya serikali, nafasi za shule na jeshi. Ya nane inahusu huruma. Ya tisa inahusu umoja wa Wahutu na kutafuta marafiki nje ya nchi. Ya kumi inahusu kufundisha historia.

Katika orodha hiyo yote Mtutsi haambiwi neno hata moja. Anazungumzwa, haongeleshwi. Anayetishwa waziwazi ni Mhutu, na neno linalorudiwa kwake ni "msaliti". Huo ndio ufundi wa maandishi haya. Hayaamuru mtu aue. Yanamwamuru aache kuoa, aache kukopeshana, aache kuajiri, aache kuamini. Yanakata nyuzi moja baada ya nyingine, nyuzi zinazomfunga mtu na jirani yake, hata jirani abaki amesimama peke yake. Tumezoea kudhani kwamba chuki huanza kwa panga. Kangura linatuonyesha kwamba huanza kwa kuonea haya urafiki.

Wanafunzi wetu wa Agano la Kale watakumbuka Esta sura ya 3. Hamani hakwenda kwa mfalme na upanga. Alikwenda na maelezo. Alisema kuna watu fulani waliotawanyika, sheria zao ni tofauti, na kwamba haimfai mfalme kuwaacha. Baada ya hapo ziliandikwa barua, zikapelekwa kila jimbo kwa lugha ya watu wake. Biblia ilijua zamani kwamba mauaji makubwa hutanguliwa na maandishi mazuri yenye mpangilio.

2. Amri ya nane

Tukiulizwa ni ipi iliyo kiini cha amri zote kumi, tungeitaja ya nane. Ni fupi kuliko nyingine. Inawataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi.

Mwenye kuijua Injili ya Luka hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Katika mfano wa Msamaria (Luka 10:25-37) kuhani na Mlawi walimwona yule aliyejeruhiwa, na Msamaria naye alimwona. Kuona kwao kulikuwa kumoja. Kilichowatenganisha ni huruma. Na mwanasheria alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, hakulitaja kabila la yule mtu. Alimtaja kwa huruma aliyoionyesha. Kwa Yesu, huruma si pambo la tabia njema. Ndiyo inayomfanya mtu awe jirani.

Mwandishi wa Kangura alifahamu jambo hilo kwa namna yake ya kinyume. Alijua kwamba hata baada ya kuvunja ndoa, biashara na shule, kingebaki kitu kimoja kinachoweza kuharibu mpango wote: mtu amwone mwenziwe anavuja damu, na moyo umsukume. Kwa hiyo hakuiacha huruma kama jambo la hiari. Aliiwekea amri. Katazo hilo ni ushuhuda, tena ushuhuda kutoka kwa adui, kwamba huruma ilikuwapo na ilikuwa na nguvu. Hakuna anayekataza kisichokuwapo.

Ilipofika Aprili 1994 lugha ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwafikishia wasiosoma magazeti yale ambayo gazeti liliwapa wasomaji. Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende. Kuua kuliitwa "akazi", neno ambalo ni ndugu wa damu wa "kazi" yetu ya Kiswahili. Watu walitoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Sisi tunaotumia neno hilo kila siku, tena tunalolitumia hata kwa utumishi wa Mungu, tunapaswa kulisikia kwa uchungu. Maneno ya chuki hayatoki mbali. Huchukuliwa nyumbani, hugeuzwa maana, hurudishwa nyumbani.

Tarehe 16 Aprili 1994 kanisa la Nyange, magharibi mwa Rwanda, lilibomolewa kwa tingatinga likiwa na watu wapatao 1,500 ndani yake waliokuwa wamekimbilia humo. Paroko wa kanisa hilo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyoketi Arusha. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilimpa kifungo cha maisha. Wala tusidhani kwamba hilo ni la Wakatoliki peke yao. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa Waadventista katika eneo la Mugonero, alitiwa hatiani na mahakama hiyohiyo mwaka 2003. Wachungaji wenzake Watutsi walikuwa wamemwandikia barua wakiomba awaokoe. Swali la mwanateolojia si la kutaka kujua wanaume hawa walikuwa wa madhehebu gani. Swali ni hili: wao waliohubiri Luka 10 mara nyingi, ni katekisimo gani nyingine iliyokuwa imewafundisha?

3. Amri ya tisa inatutaja sisi

Wako Watanzania wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Rwanda, sisi tulilelewa na Mwalimu Nyerere katika umoja, na lugha moja imetuunganisha. Tunamshukuru Mungu kwa urithi huo. Lakini amri ya tisa haikutuacha nje. Iliwataka Wahutu watafute marafiki na washirika nje ya Rwanda, wakianza na ndugu zao Wabantu.

Hapo ndipo uhakiki unapaswa kuwa makini. "Bantu" ni jina ambalo mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek alilitumia katika karne ya 19 kuainisha lugha zenye ngeli. Ni jina la lugha. Kinyarwanda, lugha moja inayosemwa na Wahutu, Watutsi na Watwa, nacho ni lugha ya Kibantu. Kangura lililigeuza jina la lugha likawa jina la damu. Kabla ya hapo wageni walikuwa wamefanya kazi kama hiyo kwa kutumia Biblia. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, alieneza dhana kwamba watawala wa maeneo ya maziwa makuu walitoka nje na ni uzao wa Hamu. Dhana hiyo ilipokewa na watawala na wamisionari. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho, na kitambulisho hicho ndicho kilichoulizwa kwenye vizuizi vya barabara mwaka 1994. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma Mwanzo 9 kwa makini ataona kwamba huko Nuhu alimlaani Kanaani, si Hamu, na kwamba sura hiyo haisemi neno lolote kuhusu Afrika. Ufafanuzi mbaya wa aya chache ulikaa karne nzima, ukawa kadi mfukoni mwa mtu, ukawa kifo.

Tena nchi yetu ilikuwa karibu kuliko tunavyopenda kukiri. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Rais Juvénal Habyarimana alikuwa akitoka katika mkutano Dar es Salaam jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege yake ilipotunguliwa. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takribani siku moja, na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kifo na waliokisababisha. Shirika letu la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kuwahudumia wakimbizi, lilikuwa miongoni mwa waliowapokea. Miili iliyotupwa katika mto Kagera ilielea hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda waliizika kwa maelfu. Na Kanisa la Kilutheri la Rwanda lilianzishwa baada ya mauaji hayo na Wanyarwanda waliorejea kwao kutoka ukimbizini Tanzania. Kanisa hilo ni dada yetu, naye alizaliwa nyumbani kwetu. Hatuwezi kumwambia kwamba kilio chake ni cha jirani wa mbali.

4. Amri ya kumi: chuki nayo hukumbuka

Sasa tunafika mahali pagumu. Amri ya kumi ya Kangura iliagiza kwamba mapinduzi ya 1959, kura ya maoni ya 1961 na itikadi ya Kihutu vifundishwe kwa kila Mhutu katika ngazi zote. Tena ilisema kwamba anayemsumbua mwenziwe kwa kuisoma na kuieneza itikadi hiyo ni msaliti. Kwa maneno mengine, ni amri ya kukumbuka.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu mahubiri mengi juu ya mauaji ya kimbari huishia kwenye wito mmoja, "tusisahau". Lakini Kangura halikusahau. Lilikumbuka ubwana wa zamani, kazi za shuruti, dharau. Na baadhi ya hayo yalikuwa kweli. Likachukua jeraha la kweli, likalitumia kuwahukumu watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Kumbukumbu pekee haimtakasi mtu.

Wengine, kwa kuona hatari hiyo, hukimbilia upande wa pili na kusema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii inapendwa sana katika vikao vya usuluhishi, nayo ina hekima yake pale ugomvi ulipo mdogo. Lakini tuitazame vizuri. Kuganga ni kazi ya mganga, na mganga asiyeuliza ugonjwa ulianzaje haponyi. Mauaji ya 1994 hayakuwa ya kwanza. Watutsi waliuawa na kufukuzwa tangu 1959, na Desemba 1963 hadi Januari 1964 waliuawa kwa maelfu huko Gikongoro. Kila mara ilisemwa yamepita. Kwa kuwa hakuna aliyeyaganga, yalirudi, tena makubwa zaidi.

Basi, kipimo ni kipi? Kumbukumbu la Torati linatupa. Humo Israeli wanaamriwa mara nyingi wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na angalieni hitimisho linalotolewa: kwa hiyo mtumwa wako apumzike siku ya Sabato (5:14-15), kwa hiyo mpende mgeni (10:19), kwa hiyo usipotoshe hukumu ya mgeni wala ya yatima, wala usichukue nguo ya mjane kuwa rehani (24:17-18). Mateso ya jana yanakuwa sababu ya huruma leo. Hatufichi kwamba kitabu hichohicho kinayo agizo juu ya Amaleki (25:17-19), kifungu ambacho kimetumiwa vibaya na wengi. Lakini hata hapo kosa linalokumbukwa ni kwamba Amaleki aliwapiga waliochoka na kubaki nyuma. Mhubiri anayekitumia kifungu hicho kuwapiga wanyonge wa leo amejiweka mwenyewe katika nafasi ya Amaleki.

Kipimo, basi, ni hiki. Ukikumbuka, unahitimisha nini? Kama hitimisho ni "kwa hiyo mpende mgeni", hiyo ni kumbukumbu ya Sinai. Kama hitimisho ni "kwa hiyo usimhurumie", hiyo ni Kangura, hata ikisomwa madhabahuni.

5. Maandishi ya nyumbani kwetu

Uhakiki wa maandishi ya wengine hauna heshima kama hatuwezi kuyahakiki ya kwetu. Mwaka 1543 Martin Luther, baba yetu katika imani, aliandika kitabu juu ya Wayahudi. Miaka ishirini kabla, mwaka 1523, alikuwa ametetea kwamba watendewe kwa upole, akikumbusha kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi. Katika kitabu cha 1543 alitoa mashauri saba kwa watawala, miongoni mwake kuyachoma masinagogi, kuzibomoa nyumba zao, kuwanyang'anya vitabu vya sala, kuwazuia marabi wasifundishe na kuwaondolea ulinzi barabarani.

Lenye kutisha zaidi kwa msomaji wa amri ya nane ni kwamba Luther aliuita ukali huo aina ya huruma. Kangura lilikataza huruma kwa jina lake. Luther aliliacha jina, akakibadilisha kilichomo ndani. Pengine njia hii ya pili ni ya hatari zaidi kwetu sisi watu wa Kanisa, kwa maana sisi hatutathubutu kukataza huruma mimbarani. Tutaweza tu kuuita ukatili wetu kwa jina hilo. Mwezi Novemba 1938, baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa, Askofu Martin Sasse wa Thuringia alichapa sehemu za maandishi hayo ya Luther kwa furaha. Mwaka 1946 Julius Streicher, mchapishaji wa gazeti la chuki, alilitaja jina la Luther akijitetea mahakamani Nuremberg. Hatusemi kwamba Luther ndiye aliyeanzisha mauaji ya Wayahudi 6,000,000. Historia haiendi kirahisi hivyo. Tunasema kwamba maandishi yake yalikuwa kabatini, yakangoja.

Kanisa lilichukua muda kusema. Tamko la Stuttgart la Oktoba 1945, ambamo viongozi wa Kanisa la Kiinjili Ujerumani walikiri hatia, halikuwataja Wayahudi kwa jina. Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni huko Budapest uliyapokea maelezo yaliyotayarishwa Stockholm mwaka 1983, yaliyokataa maneno hayo ya Luther. Na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani lilitoa tamko lake kwa jumuiya ya Wayahudi tarehe 18 Aprili 1994. Msomaji aiangalie tena tarehe hiyo. Ilikuwa siku mbili baada ya Nyange. Walutheri walikuwa wakitubia maneno ya miaka 451 iliyopita, nao walifanya vema. Na siku hiyohiyo maneno ya miaka mitatu yalikuwa yakiua Rwanda. Toba ya neno la jana ni halali, lakini haituondolei wajibu wa kulisikia neno la leo.

6. Mipaka ya mahakama na wajibu wa Kanisa

Mtu anaweza kusema kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa na mahakama. Kweli, tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze katika kesi iliyojulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Lakini katika rufaa, mwezi Novemba 2007, majaji walieleza kwamba mahakama ilipewa mamlaka juu ya makosa ya mwaka 1994 tu, hivyo matoleo ya Kangura ya miaka ya nyuma hayangeweza kuwa msingi wa hatia. Hukumu ya Ngeze ilipunguzwa kutoka kifungo cha maisha kuwa miaka 35. Amri Kumi za Desemba 1990, kwa sheria hiyo, zilibaki nje ya kalenda.

Hatuilaumu mahakama. Sheria ni lazima iwe na mpaka, la sivyo si sheria. Lakini Kanisa halikupewa mpaka huo. Kanisa limepewa amri ya nane iliyo ya kweli, isemayo juu ya ushahidi wa uongo. Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifafanua kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani. Yatupasa kumtetea, kumsema vema, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Na kuhusu amri ya tano alifundisha kwamba asiyemwua jirani bado hajaitimiza mpaka amsaidie katika mahitaji ya mwili wake. Hapo Luther wa 1529 anamhukumu Luther wa 1543, na anatupa kipimo cha kumhukumu kila mwandishi wa amri za chuki.

7. Kazi ya mchungaji mahali petu

Nayaandika haya nikiwa Nanyala, katika Mbozi, njia ya malori yaendayo Tunduma, Zambia na Kongo. Huku kwetu Songwe wanakutana Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wasafwa, Wanyakyusa, Wasukuma wenye mifugo, na wageni wa mataifa jirani. Gisenyi nao ni mji wa mpakani. Mpaka hauleti chuki, lakini huleta watu wengi na ushindani wa riziki, na palipo na ushindani hapakosi mtu wa kuuandikia amri.

Tanzania tumejaliwa dawa moja ya asili, nayo ni utani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe, atachukua kitu chako akicheka. Lakini mtani huyohuyo hufika msibani kwako, hufanya kazi ambazo ndugu hawawezi kuzifanya kwa majonzi. Utani una maneno makali ndani ya wajibu. RTLM nayo ilichekesha. Watu waliipenda kwa muziki na mizaha yake. Tofauti ni kwamba mzaha wake haukuwa na wajibu wala nafasi ya kujibiwa. Mchungaji anayesikia kejeli juu ya kabila fulani, kwenye harusi, sokoni au katika ujumbe unaosambazwa kwa simu, ana swali rahisi la kuuliza: huyu asemaye, je, atakwenda kumzika anayemsema? Kama hapana, huo si utani tena.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mafundisho ya kipaimara ufafanuzi wa Luther upewe uzito uleule unaopewa ukariri wa amri. Mtoto aliyekariri bila kuelewa yu tayari kukariri amri yoyote atakayopewa. Pili, katika somo la homiletiki wanafunzi wasome maandishi ya chuki kwa jicho la uhakiki, kama tulivyojaribu hapa, ili wayatambue yanapokuja kwa vazi jipya. Tatu, tarehe 7 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2003 kwa ajili ya kuyatafakari mauaji hayo, ipewe nafasi katika sala za chuo na za sharika. Mara nyingi siku hiyo huangukia karibu na Pasaka, nasi tunayo ibada inayofaa. Meza ya Bwana ni ukumbusho, na Paulo katika 1 Wakorintho 11 anauanza ukumbusho huo kwa usiku ule wa usaliti. Kanisa kila linapokula linakumbuka kwamba msaliti alikuwa mezani. Neno "msaliti", ambalo Kangura lilimtupia kila mwenye urafiki, kwa Injili ni jina la aliyemtoa rafiki yake auawe.

Hitimisho

Jina la Nyange lina kumbukumbu ya pili. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya hapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Walishambuliwa kwa risasi na mabomu ya kutupwa kwa mkono. Baadhi waliuawa, wengine walijeruhiwa. Leo taifa lao linawahesabu kuwa mashujaa.

Vijana hao walikuwa watoto wadogo wakati amri kumi zilipochapwa. Walikulia katika nchi iliyoambiwa iache huruma, karibu na kanisa ambalo kuta zake zilianguka juu ya waumini. Hata hivyo amri haikuwashika. Wanafunzi wetu watakapopelekwa katika mitaa na sharika wataulizwa pia, pengine bila bunduki, pengine kwa maneno laini tu ya kikao cha kijiji, kwamba wajitenge wasimame upande wao. Kazi ya chuo cha teolojia ni kuhakikisha kwamba siku hiyo watakuwa na jibu, na kwamba watakuwa wamekwisha kulifundisha kwa wengine.